Tiketi ya kwenda India kwa matibabu: tarehe ya kurudi haijulikani, tukate vipi?

Binti wa Mwananyamala

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya tiketi. Mama amepata rufaa ya kwenda Chennai. Barua ya hospitali ya kule inasema ataanza na vipimo, kisha upasuaji wa tumbo, na majibu ya maabara yakitoka ndipo wataamua kama ataongezewa mionzi. Makadirio yao ni wiki 3 hadi 8. Tunataka kuondoka Dar tarehe 6 Oktoba. Wasindikizaji ni wawili: dada atabaki naye mpaka mwisho, mimi nitawahi kurudi kazini.

Kila wakala tunayemuuliza anataka tarehe ya kurudi na sisi hatuna. Je, tukate ya kwenda tu, ya kurudi tutanunua kule? Au tukate zote halafu tubadilishe? Na hii "kubadilisha bure" inayotangazwa ni bure kweli?

Kaunta ya Posta

Pole kwa kuuguza. Kateni ya kwenda na kurudi.

Sababu ya kwanza ni kwamba masharti ya viza ya mtandaoni ya India yanamtaka msafiri awe na tiketi ya kurudi au ya kuendelea na safari. Mtu wa kaunta pale uwanja wa ndege wa JNIA ana haki ya kuidai kabla hajawapa pasi ya kupandia ndege. Si mahali pa kuanza kubishana mkiwa na mgonjwa. Ya pili ni bei: kwenye mashirika makubwa, nauli ya upande mmoja si nusu ya nauli ya kwenda na kurudi. Huwa zaidi ya nusu, na kuna siku inakaribia bei ya zote mbili. Mkinunua kurudi mkiwa kule, siku mbili tatu baada ya daktari kuwaruhusu, mtalipa bei ya mtu mwenye haraka.

Sasa kabla ya kulipa, mbaneni wakala awajibu maswali manne kwa maandishi. WhatsApp inatosha.

Swali la kwanza, na ndilo linaloumiza wengi: nauli hii inaruhusu kukaa muda gani? Nauli za bei ya chini zina ukomo wa kukaa. Nyingine mwezi 1, nyingine miezi 3, nyingine 6, nyingine mwaka mzima. Mkichukua ya mwezi 1 na mama akawekwa kwenye mionzi, hamtaokolewa na ada ya kubadilisha tarehe. Tiketi itakokotolewa upya kwa nauli nyingine ya juu inayoruhusu kukaa muda huo, na tofauti yake inaweza kuzidi ada ya kubadilisha mara kadhaa. Mkishapewa tiketi ya kielektroniki, angalieni mstari wa safari ya kurudi. Kwenye nyingi mtaona herufi NVB na NVA zikiwa na tarehe pembeni. NVB ni siku ya kwanza na NVA ni siku ya mwisho kipande hicho cha safari kutumika. Ikiwa imeandikwa 06NOV na daktari anazungumzia wiki 8, tiketi hiyo haiwafai hata iwe na bei nzuri kiasi gani. Irudisheni siku hiyohiyo: kwa mashirika mengi wakala anaweza kuibatilisha kabla ya saa sita usiku wa siku aliyoitoa bila faini ya shirika, ingawa ada yake ya huduma anaweza asiirudishe.

Swali la pili: ada ya kubadilisha ni kiasi gani, na inatozwa mara ngapi? Kuna nauli inayotoza kila mara, kuna inayoruhusu mara moja bila ada, kuna isiyoruhusu kabisa. Ulizeni pia kama ada ya kabla ya kuondoka Dar ni sawa na ya baada ya kuondoka. Nyinyi mtabadilisha mkiwa tayari India, kwa hiyo hiyo ya pili ndiyo inayowahusu.

La tatu: tofauti ya nauli. Hapa ndipo penye jibu la "bure". Tangazo la kubadilisha bure linazungumzia ada tu. Viti vya daraja la kawaida kwenye ndege moja vimegawanywa katika makundi ya bei, kila kundi na herufi yake. Kiti ni kilekile na chakula kilekile, herufi ndiyo inayotofautisha bei. Mkihamisha tarehe mkakuta herufi yenu imeisha kwenye ndege ya siku hiyo, mnapandishwa herufi inayofuata na kulipa tofauti.

Piga hesabu mapema. Tuchukulie tiketi ya bei ya chini ni dola 520, ada ya kubadilisha dola 100, na tofauti ya nauli ikaja dola 80. Mkibadilisha mara moja mmefika 700. Nauli ya juu yake, isiyo na ada na yenye ukomo wa miezi 6, ikiwa ni dola 610, mkibadilisha mara moja mtatoa 610 na tofauti yoyote ya herufi, ambayo kwa kawaida huwa ndogo kwa sababu mmeanzia herufi ya juu. Kwa safari ambayo mna hakika karibu kabisa kwamba tarehe itabadilika, nauli ya chini kabisa ndiyo ghali.

La nne: msipotokea uwanjani bila kutoa taarifa, nini kinatokea? Nauli nyingi zina faini ya kutotokea juu ya ada ya kubadilisha, na nyingine zinaua kipande hicho kabisa. Kila nauli ina saa yake ya mwisho ya kutoa taarifa. Ulizeni, iandikeni kwenye kalenda ya simu ya dada. Hata kama hamjui tarehe mpya, ombeni kipande cha kurudi kiondolewe kwenye ndege ya siku hiyo kabla muda haujapita. Tiketi inabaki hai, tarehe mtaipanga baadaye ndani ya ukomo.

Na kitu kimoja kuhusu neno "inarudishwa fedha". Mkishatumia kipande cha kwenda, shirika halirudishi nusu. Linachukua mlicholipa, linakata nauli ya upande mmoja ya kwenda, kisha faini, ndipo linarejesha kilichobaki. Mara nyingi kinachobaki ni kodi za uwanja tu. Kwa hiyo msilipie nyongeza kubwa kwa ajili ya kurudishiwa fedha. Lipieni uhuru wa kubadilisha.

Chui wa Ghuba

Mkuu hapo juu kaeleza vizuri ila kwenye kwenda tu naona tofauti. Mashirika ya gharama nafuu yanayopitia Ghuba yanatoza kila kipande peke yake, hakuna adhabu ya kununua upande mmoja. Unanunua kwenda leo, kurudi unanunua ukijua tarehe. Na hata ukikosea una saa 24 za kufuta bila kukatwa, hiyo ni sheria.

Kaunta ya Posta

La kutoza kila kipande ni kweli, na kwa msafiri mzima mwenye begi moja ningekubaliana nawe. Kwa mgonjwa, kagua kwanza bei ya begi, chakula na kiti, maana kule vingi vinauzwa kando. Halafu suala la kuonyesha tiketi ya kurudi bado linabaki palepale.

Saa 24 sikubaliani nawe, na naomba wasomaji wasiitegemee. Hiyo ni kanuni ya Wizara ya Usafirishaji ya Marekani. Inahusu safari zinazogusa Marekani, zilizonunuliwa moja kwa moja kwa shirika la ndege siku 7 au zaidi kabla ya kuondoka. Hata huko inampa msafiri kufuta bila kukatwa au kushikiliwa nauli kwa saa 24, shirika linachagua kimojawapo. Dar kwenda Chennai haimo. Yapo mashirika yanayotoa nafasi kama hiyo kwa hiari yao, lakini hayo ni masharti ya shirika, na yanasomwa kabla ya kulipa.

Kama kinachowachelewesha ni viza na mnaogopa bei kupanda, ulizeni huduma ya kushikilia nauli. Baadhi ya mashirika huiuza kwa ada ndogo, na nafasi hukaa siku chache bila kulipiwa yote. Viza ya matibabu ya mtandaoni ya India huombwa angalau siku 4 kabla ya kufika, na unaweza kuiomba mapema hadi siku 120 kabla, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua tiketi kwanza. Ombeni viza, ikitoka ndipo mlipe. Viza ya mgonjwa mmoja inabeba wasindikizaji wawili, kila mmoja na ombi lake, kwa hiyo nyinyi mmetosha.

Muuguzi Temeke

Nitaongelea upande wa mgonjwa, kwa sababu wakala anaweza kuwabadilishia tarehe vizuri kabisa halafu shirika likamkatalia mama kupanda.

Hewa ndani ya ndege ikiwa juu ni kama ya mlima wa futi 6,000 hadi 8,000. Gesi iliyofungwa mwilini hutanuka kwa karibu theluthi moja. Mtu aliyefunguliwa tumbo, utumbo wake ukiwa bado na gesi na mishono ni mibichi, anaweza kupata maumivu makali au mshono ukalegea. Ndiyo maana miongozo ya usafiri wa anga hutaja siku 10 hivi baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo, na siku 4 au 5 kwa ule wa matundu madogo, ikiwa hakuna matatizo. Hizo ni za chini kabisa. Daktari aliyempasua ndiye mwenye neno. Kwa wanaosoma hapa na wagonjwa wao ni wa macho: aliyewekewa gesi ndani ya jicho kwa upasuaji wa retina hapandi ndege mpaka gesi iishe, na hiyo huweza kuchukua wiki 2 hadi 6 kutegemea aina ya gesi. Hapo usipange tarehe ya kurudi kabla ya kuuliza ni gesi gani.

Kuna fomu ya afya ya msafiri inaitwa MEDIF. Sehemu moja inajazwa na msafiri au wakala, nyingine na daktari anayemtibu: ugonjwa, tarehe ya upasuaji, hali ya sasa, kama anahitaji oksijeni, kama anaweza kukaa wima kiti kikiwa kimesimamishwa. Shirika hutaka liipate mapema, kwa kawaida saa 48 hadi 72 kabla ya ndege, na halitaki iwe ya zamani. Kwa hiyo mpangilio ni huu: daktari anaruhusu, fomu inajazwa, shirika linakubali, ndipo mnathibitisha tarehe mpya na kulipia tofauti. Mkilipia kwanza halafu kibali kikachelewa, mtalipa ada mara mbili.

Kiti mwendo ni bure, ombeni angalau saa 48 kabla, na semeni kwa usahihi. WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi ila hawezi kutembea mbali. WCHS hawezi ngazi. WCHC hawezi kutembea kabisa, anabebwa mpaka kwenye kiti chake. Wengi huandikiwa WCHR kwa mazoea, halafu ndege inaegeshwa mbali na jengo, basi linawafikisha kwenye ngazi, na mama aliyeshonwa tumbo anaambiwa apande. Mama yenu akirudi baada ya upasuaji, mwombeeni WCHS. Kila mnapobadilisha tarehe, hakikisheni ombi limehamia kwenye ndege mpya, maana si lazima lihame lenyewe.

Oksijeni ni ombi la kando. Akiwa na mashine yake ndogo ya betri, mashirika mengi hutaka betri za kutosha asilimia 150 ya muda wa safari, na betri za akiba huingia nazo ndani ya ndege, haziwekwi kwenye begi la chini.

Binti wa Mwananyamala

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeelewa kwamba barua na fomu zinatangulia. Sasa nisaidieni kwenye tarehe yenyewe. Tukiondoka 6 Oktoba, ya kurudi tuandike lini? Wakala mmoja anasema tuandike wiki ya 3 kwa sababu ni bei ya chini, tutasogeza. Mwingine ana tiketi ya Air Tanzania mpaka Mumbai, halafu ya ndani ya India tujitafutie. Na sisi watatu tukae bukingi moja?

Kaunta ya Posta

Andikeni tarehe ya mbele. Kwa mgonjwa na dada ningeweka kati ya 24 na 26 Novemba, kwa sababu zifuatazo.

Viza ya matibabu ya mtandaoni ni siku 60 tangu siku ya kwanza kuingia India. Mkifika 7 Oktoba, zinaisha mwanzoni mwa Desemba. Tarehe 24 Novemba ni wiki 7 kamili, na inawaachia zaidi ya wiki moja ya kupumua kabla viza haijaisha. Mionzi ikirefuka kupita hapo, kuongeza muda kunaombwa kwa mtandao katika ofisi ya uhamiaji ya wageni, FRRO, mkiwa na barua ya hospitali. Msisubiri siku ya mwisho. Tiketi na viza zisogezwe pamoja.

Halafu kuna msimu. Ndege za kuja Afrika Mashariki katikati ya Desemba hujaa watalii wa Zanzibar na watu wanaorudi makwao kwa sikukuu. Herufi za bei ya chini huisha mapema. Mkiandika wiki ya 3, yaani mwisho wa Oktoba, halafu mkalazimika kusogeza mpaka Desemba, mtaangukia hapo. Mkiandika mwisho wa Novemba na mama akaruhusiwa mapema, mnarudisha nyuma kwenda siku za mwanzo wa Novemba, kipindi ambacho viti huwa rahisi kupatikana ukishapita msongamano wa Diwali. Na mambo yakienda kama yalivyoandikwa, hamlipi chochote. Huyo anayesema wiki ya 3 anatazama bei ya leo tu.

Mumbai: Air Tanzania inakwenda moja kwa moja kutoka Dar, na kwa mgonjwa asiyeweza kubadilisha ndege hilo ni jambo kubwa. Kama hospitali ingekuwa Mumbai ningesema chukueni bila kufikiri mara mbili. Ila mnakwenda Chennai. Mkinunua kipande cha Mumbai kwenda Chennai kando, mna tiketi mbili za kubadilisha kila daktari anaposogeza tarehe, na ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu kwenu. Mizigo pia: shirika la IndiGo kwa safari za ndani begi la chini ni kilo 15, wakati mmetoka Dar na kilo nyingi zaidi. Ethiopian, Emirates na Qatar Airways wote wanafika Chennai kwa tiketi moja, mnabadilisha ndege mara moja tu. Tiketi moja, badiliko moja, na ndege ya kwanza ikichelewa ni kazi ya shirika kuwapangia nyingine.

Bukingi: mama na dada moja, wewe yako. Watu watatu wakiwa pamoja mfumo unawatafutia nyote herufi moja. Zikibaki nafasi mbili za bei ya chini, nyote watatu mnapandishwa. Tena wewe tarehe yako unaijua, chukua nauli ya chini isiyobadilika kama inakufaa. Mwambie wakala aandike kwenye bukingi ya mama kwamba ana msindikizaji mwingine, na aandike namba ya yako.

Kipande cha kwenda ni lazima kitumike. Mama akiahirishiwa safari na ndege ya kwenda ikaondoka bila taarifa, mfumo unafuta na ya kurudi.

Mkishalipa, dai namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika: 071 Ethiopian, 176 Emirates, 157 Qatar Airways, 706 Kenya Airways. Ile ya herufi na tarakimu 6 peke yake ni nafasi iliyowekwa tu. Bila tiketi kutolewa inajifuta muda ukifika, na mnaweza kuligundua hilo mkiwa uwanjani. Ingieni kwenye tovuti ya shirika wenyewe mkaione. Na hakikisheni simu na barua pepe zilizoandikwa humo ni zenu, si za wakala. Shirika likibadilisha ratiba, ujumbe unakwenda huko. Msibonyeze kukubali haraka: badiliko kubwa la shirika lenyewe kwa kawaida linawapa haki ya kuchagua siku nyingine bila ada, na inaweza kuwa ndiyo siku mnayoitaka.

Kuhusu wakala au tovuti: tiketi ya wakala mara nyingi hubadilishwa na wakala huyohuyo. India iko mbele yetu kwa saa 2 na nusu. Daktari akiwaruhusu saa 12 jioni ya Jumamosi kule, hapa ni saa 9 na nusu alasiri na ofisi nyingi zimefungwa mpaka Jumatatu. Kama wakala hana mtu wa kupokea simu wikiendi, nunueni moja kwa moja kwa shirika.

Muuguzi Temeke

Nyongeza moja kuhusu njia, maana umetaja Ethiopian na wengine wanaweza kufikiria Nairobi. Ethiopia na Kenya zimo kwenye orodha ya India ya nchi zenye homa ya manjano. Anayepitia huko bila cheti cha chanjo yake anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Abiria wa transiti ambaye hakutoka uwanjani anaweza kusamehewa, lakini uamuzi ni wa afisa wa afya wa uwanja, na huyo humjui atakuwa nani. Cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo kwa safari ya 6 Oktoba siku ya mwisho ya kuchanjwa ni takriban 25 Septemba.

Ni chanjo ya virusi hai. Mama kama ana umri wa miaka 60 na kuendelea, au ameshaanza dawa za saratani, asichanjwe kabla daktari wake hajasema. Akizuiwa, daktari anaandika barua ya msamaha inayogongwa muhuri kwenye ukurasa wa kadi ya njano, yaani hicho cheti cha chanjo, na hapo chagueni njia ya Doha au Dubai badala ya Addis Ababa.

Binti wa Mwananyamala

Mama ana miaka 64. Tunamwona daktari Jumatatu kuhusu chanjo, tiketi hatugusi mpaka atujibu.